Aliyeipepea Mashine

Nilipoajiriwa redioni Dodoma nilikuwa bado katika umri ule ambao mtu hudhani kila kilichoharibika kina dawa. Redio yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga pale mtaa wa Kikuyu. Sebule ilikuwa ofisi. Chumba cha kulala kilikuwa studio, na kuta zake zilibandikwa vipande vya godoro ili sauti zisirudi. Mmiliki alikuwa mfanyabiashara wa saruji na mabati. Serikali ilipowafungulia watu binafsi milango ya utangazaji, yeye aliwahi kuingia. Hakuwa mpenzi wa redio. Alipenda kusikika. Tulimwita Bosi, na yeye alitaka tumwite hivyo.

Mimi nilikuwa binti wa Mpwapwa niliyesomea kompyuta Dar es Salaam, na kazi yangu pale ilikuwa kuhakikisha laptopu moja haizimiki. Laptopu hiyo ndiyo iliyokuwa redio. Nyimbo, matangazo ya biashara, vipindi vilivyorekodiwa, vyote vilitoka humo kwenda kwenye mtambo wa kurushia. Bosi aliichagua laptopu kwa sababu umeme ukikatika betri ingeibeba mpaka jenereta liwashwe, na miaka hiyo umeme ulikatika kila ulipojisikia. Ndani yake tuliweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ilikuwa ya bure.

Palikuwa na mtangazaji mmoja mzee kuliko sisi sote. Alikuwa mtu wa upande wa Chemba, kutoka kwa watu wale ambao lugha yao ina milio ya kugonganisha ulimi na kaakaa. Alikuwa ameajiriwa serikalini miaka mingi, akipita vijijini na gari la sinema na kipaza sauti, mpaka watumishi walipopunguzwa naye akapunguzwa. Bosi alimchukua kwa ajili ya sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, na jioni alisoma matangazo ya vifo, ya ng'ombe waliopotea na ya mikutano ya vijiji. Lakini kila alipofika kwenye jina la kijiji cha kwao ulimi wake ulirudi nyumbani wenyewe, na mlio mmoja ukamponyoka hewani. Watu wa huko walipenda sana. Bosi hakupenda. Alianza kumwigiza mezani, akigonga ulimi kama mtu anayeswaga punda, na wasomaji habari vijana walicheka kwa sababu walitaka kuendelea kuwa wasomaji habari. Baadaye akamwondoa kwenye maikrofoni kabisa, akaweka kijana wa kiume aliyesoma matangazo ya vifo kama anayetangaza mpira.

Hakumfukuza. Alimweka kwenye benchi la koridoni, nje ya mlango wa studio, na kumtumatuma: leta chai, ita fundi umeme, kanunue vocha. Kila asubuhi nilipita pale nikasema, "Shikamoo, Mzee," naye alijibu, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje," kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea vifo, na kila mara nilijisikia kama nimetangazwa.

Bosi hakuwa mpiga kelele. Angekuwa mpiga kelele huenda ningeshamsahau. Alisema polepole, akitabasamu, na alijua kuchagua mtu wa siku, yule atakayechekwa.

Mambo yalianza na kadi ya sauti. Bosi aliinunua Dar es Salaam, kifaa kidogo cheusi cha kuchomeka ubavuni mwa laptopu, akawaahidi wafanyabiashara waliotangaza kwetu kwamba redio yetu sasa itasikika safi kama za Dar. Nikakichomeka, Linux yetu haikukitambua. Ilikuwa imezeeka. Kilichotakiwa ni kubadilisha keneli, yaani kile kiini cha mfumo, kinachokaa katikati ya programu na chuma cha mashine na kuamua nani apewe nini. Nikashusha keneli mpya, nikaiweka, nikawasha upya. Kadi ikaitika. Sauti ikatoka nzuri kiasi kwamba hata mlinzi wa getini alisogea dirishani. Bosi alinipigapiga begani. Hiyo ilikuwa asubuhi.

Mchana, katikati ya kipindi cha akina mama, redio ikanyamaza.

Kama hujawahi kufanya kazi redioni hujui ukimya ni kitu gani. Kimya cha redio ni sawa na mtu aliyesimama kuhutubia akasahau jina lake. Nilikimbilia studio. Laptopu ilikuwa imezimika, nyeusi. Nikaiwasha, ikawaka, tukaendelea. Haikupita muda mrefu ikazimika tena.

Bosi akatoka ofisini na kikombe chake mkononi. Akaangalia laptopu, akaangalia waya wa umeme, akafuata waya ule kwa macho mpaka ulikopita chini ya mlango kwenda kwenye soketi ya koridoni. Pembeni ya soketi palikuwa na benchi. Kwenye benchi palikuwa na Mzee.

"Mzee," akasema, "umegusa kitu hapa?"

"Hapana, Mkubwa. Nimekaa tu."

"Mguu wako haukupita hapa?"

"Haukupita."

"Nimekutoa kwenye maikrofoni. Najua umeumia. Mimi mwenyewe ningeumia. Sema tu, tutayamaliza."

Nikaingilia. Nikasema, "Bosi, betri imejaa. Hata waya ukichomolewa haizimiki."

Akanigeukia na tabasamu lake. "Wewe shughulika na mashine. Mimi nashughulika na watu."

Akamwamuru Mzee asimame mbali na soketi, uso ukutani, mikono kichwani, ili tuone kama redio itazimika wakati mikono yake inaonekana. Aliagiza hivyo kama mtu anayependekeza dawa ya mafua. Mzee alisimama. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na alipoinua mikono nikaona kwapa zimeshonwashonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Watu walipita koridoni wakienda chooni, wakarudi. Kijana wa matangazo ya vifo alipita zaidi ya mara moja, na hakuwa na haja.

Redio ikazimika tena akiwa amesimama vile vile.

"Kumbe si wewe," Bosi akasema. "Haya, shusha." Akarudi ofisini kunywa chai yake.

Mimi nikarudi kwenye mashine. Nilifungua kumbukumbu za mfumo, pale ambapo Linux huandika kila inachofanya. Kwa kawaida ikizimwa huaga kwanza: nimefunga hiki, nimefunga kile, kwaheri. Hapa maandishi yaliishia katikati ya mstari, kama mtu aliyezibwa mdomo. Maana yake aliyeizima hakuwa Linux. Chuma chenyewe kilijizima ili kujiokoa. Nikaweka kiganja chini ya laptopu, nikakitoa upesi. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

Nilidhani ni vumbi. Dodoma vumbi huingia hata kwenye mayai. Nikaifungua, nikasafisha kwa brashi, nikafunga. Nikaiwasha, nikasogeza sikio kwenye tundu la feni. Kimya. Feni haikuzunguka. Nikasema feni imekufa, na nikaanza kuwaza ni nani Dodoma anauza feni ya laptopu, na jibu lilikuwa hakuna.

Ndipo nikakumbuka keneli ya zamani. Nilikuwa nimeiacha mle ndani, na wakati wa kuwasha unaweza kuchagua ipi itumike. Nikaichagua ya zamani. Kabla hata herufi za kwanza hazijamalizika kupita kwenye skrini, feni ikavuma. Ilikuwa hai. Nikawasha tena kwa keneli mpya, ikanyamaza. Nikarudia mpaka nikaridhika. Keneli ya zamani ilikuwa inaiacha mashine yenyewe isimamie feni yake. Mpya ilikuja na utaratibu mpya wa kusimamia umeme na joto. Ilisema niachie mimi, halafu haikufanya kitu.

Kurudi kwenye ya zamani nisingeweza, maana kadi ya sauti ingekufa, na Bosi alishawaahidi wafanyabiashara wake sauti safi. Nikabaki na laptopu inayosikika vizuri na inayojichoma. Ili taarifa ya habari ya jioni ipite, nilichukua kipande cha boksi nikaipepea kwa mkono. Ilisaidia. Taarifa ikafika mwisho bila kuzimika.

Bosi alinikuta nikipepea. Akasimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Inafanya kazi?"

"Inasaidia, Bosi. Lakini kesho nitatafuta namna. Tatizo liko kwenye keneli, si kwenye feni."

"Hii si kazi ya mtaalamu," akasema. Akageuza shingo koridoni. "Mzee. Njoo huku. Nimekupatia kazi ya studio."

Niliona uso wa Mzee alipoingia. Neno studio lilikuwa limemfikia kabla ya lile lililofuata. Alikuwa anarekebisha kola.

Kesho yake Bosi alikuja na kipepeo cha ukindu, kile cha kupepelea jiko la mkaa, kipya, alichokinunua sokoni. Alimkabidhi Mzee mbele ya wafanyakazi wote, kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kombe. "Kuanzia leo," akasema, "huyu ndiye feni yetu."

Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya laptopu na kuipepea tangu redio inafungua mpaka jioni. Alipochoka mkono wa kulia alihamia wa kushoto. Aliruhusiwa kutoka kula na kuswali, na mimi nilishika kipepeo wakati huo. Hakuruhusiwa kukohoa, kwa sababu maikrofoni ilikuwa karibu. Mbele yake, umbali wa kunyoosha mkono, kijana yule alisoma matangazo ya vifo, akikosea majina ya vijiji, na Mzee alikuwa akipepea huku midomo yake ikitamka majina sahihi bila sauti.

Jina halikuchelewa. Kwanza lilikuwa la Bosi peke yake: "Feni yuko wapi?" Kisha wasomaji habari. Kisha mama aliyetupikia, ambaye hata hakuwa mtu mbaya, alimpakulia chakula akasema, "Feni, chako hiki." Alishtuka mwenyewe aliposikia alichokisema, lakini siku iliyofuata alisema tena bila kushtuka. Bosi alianza kuleta wageni wake wa saruji kuja kumwona. Alikuwa akiwaambia, "Wazungu wana feni za umeme. Mimi nina feni inayosema shikamoo," kisha anamtazama Mzee, na Mzee, ambaye kwa umri angeweza kumzaa, anasema, "Shikamoo, wageni," na wanacheka.

Nilitafuta dawa kila nafasi. Niliomba ruhusa nikaenda mjini kwenye duka la intaneti, nikasoma barua walizoandikiana mafundi wa nchi nyingine, kurasa zikifunguka kwa kusitasita, na wengi wao walikuwa na matatizo yasiyofanana na langu. Mmoja laptopu yake haikuamka ikishalala. Mwingine betri yake ilisomeka tupu ilhali imejaa. Mwishowe nilimpata mtu mwenye laptopu ya aina ile ile, anayelalamika kwamba tangu aweke keneli mpya feni yake imenyamaza. Aliyemjibu alimjibu kwa kifupi, kama amechoka kujibu. Keneli mpya, alisema, imegawa kazi katika vipande. Kuna kipande cha kupima joto na kipande cha kuiamuru feni, na vyote viwili havijipakii vyenyewe mpaka uviite. Usipoviita, hakuna anayepima na hakuna anayeamuru.

Nikarudi Kikuyu kwa miguu, karibu nikimbie. Ilikuwa saa ya chakula, studio ilikuwa na muziki wa kurekodiwa tu, na ndani alikuwa Mzee peke yake akipepea. Nikaandika amri mbili. Feni ikavuma. Nikaongeza mistari ili vipande vile vipakiwe kila mashine inapowashwa, nikaizima na kuiwasha haraka kati ya wimbo na wimbo. Ikavuma tena. Hewa ya moto ilitoka ubavuni mwa laptopu ikapeperusha karatasi mezani.

"Mzee," nikasema, "imepona. Weka chini hicho kitu."

Alisogeza kiganja chake kwenye tundu, akakiacha pale, akihisi ile hewa. Hakutabasamu.

"Umeshamwambia?"

"Bado. Naenda sasa hivi."

"Usimwambie, mwanangu."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Ukimwambia narudi kwenye benchi," akasema. "Na benchi lile halina maisha. Nimekwisha kumsikia anaongea na mhasibu. Kutoka benchi ni getini, nje kabisa. Hapa angalau ana haja na mimi, hata kama ni haja ya kipuuzi. Na hapa nasikia matangazo."

"Lakini anakudhalilisha, Mzee."

"Kwani getini hatanidhalilisha? Na mtaani je, nitakapokuwa nakaa barazani mchana kutwa na majirani wananihesabu?" Akainua kipepeo akaanza kupepea tena, taratibu, akifuata mdundo wa wimbo uliokuwa hewani. "Wewe sema bado unatafuta. Wewe ni mtaalamu, nani atakubishia."

Nikakubali. Nilimwambia Bosi kwamba tatizo ni gumu, linahitaji utafiti. Alisema nisiwe na haraka. Alisema hivyo kwa furaha, na ndipo nilipoelewa kwamba hakutaka lipone.

Tukaishi hivyo kwa majuma kadhaa. Mzee alipepea mashine iliyokuwa ikijipepea. Mtu akiingia studio aliongeza kasi ili mlio wa ukindu ufunike mlio wa feni. Tukiwa wawili tu alipumzisha mkono, tukaongea. Alinieleza habari za gari la sinema, jinsi vijiji vizima vilivyokuwa vikikimbia nyuma ya gari wakati wa kuwasili. Nilijiona nimefanya jambo jema. Nilijiona nina mtu wangu mle ndani.

Halafu wakaja wageni kutoka Dar es Salaam, watu wa kampuni iliyotaka kutangaza sabuni. Walikuwa wawili, mwanamume aliyevaa suti na mwanamke aliyekuwa kimya. Bosi aliwazungusha kote, mwisho akawaleta studio, na wafanyakazi wakajazana mlangoni kwa sababu walijua kinachofuata.

"Na huyu ndiye feni yetu," Bosi akasema. "Feni, salimia wageni."

"Shikamooni," Mzee akasema, akipepea kwa nguvu.

Yule mwanamume alicheka kidogo, kwa adabu. Mwanamke hakucheka. Alisogea mezani, akainama, akaweka vidole vyake ubavuni mwa laptopu.

"Lakini hii inapuliza," akasema.

Nadhani alitaka kumsaidia Mzee. Nimefikiri sana kuhusu hilo na naamini alitaka kumsaidia.

Bosi akasogea. Akaweka mkono wake. Akakishika kipepeo cha Mzee kikasimama, na katika kimya kile kila mtu aliyekuwa chumbani alisikia feni ikivuma.

"Tangu lini?" Bosi akauliza, polepole.

Akamgeukia Mzee.

"Mzee. Unapepea nini?"

Mzee aliangalia kipepeo, kisha aliniangalia mimi. Nilidhani anatafuta maneno ya kututoa sote wawili pale. Alikuwa na maneno mengi, mtu yule, maisha yake yote yalikuwa maneno.

"Muulize huyu binti, Mkubwa," akasema. "Yeye ndiye aliyeitengeneza. Akaniambia niendelee kupepea, nisiseme. Mimi sijui mambo ya kompyuta. Nilifuata nilivyoambiwa na mtaalamu."

Alisema kwa sauti ile nzuri, iliyonyooka, bila kukwama popote. Ungemwamini. Hata mimi kwa sekunde moja nilijiuliza kama haikuwa hivyo.

Bosi akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unamchezea mzee wa watu."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema yote, habari ya benchi, habari ya mhasibu. Lakini nilipomtazama Mzee nikaona kwamba nikisema atakana, na kwamba atakana vizuri kuliko nitakavyosema mimi. Nikafunga mdomo.

"Basi tumtendee haki," Bosi akasema. Akakichukua kipepeo kwa Mzee, akanipa. Kwa mikono miwili. "Mzee, inuka. Binti, kaa. Pepea tuone raha yake."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikaa. Wageni walikuwa wakitazama. Wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni na hapakuwa na mahali pa kupita. Na miguu yangu, kwa kweli, ilikwisha kukunjika kabla sijaamua. Nilikaa kwenye kigoda chenye joto la Mzee, nikaipepea laptopu iliyokuwa ikinipulizia hewa yake ya moto usoni.

"Ongeza," Bosi akasema. "Mzee alikuwa anaongeza wageni wakija."

Nikaongeza.

Wa kwanza kucheka hakuwa Bosi. Alikuwa Mzee. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, cha mtu aliyetua mzigo, na wengine wote wakakifuata kwa sababu sauti yake ilikuwa ya kufuatwa. Kijana wa matangazo ya vifo alishika mlango ili asianguke. Yule mwanamke wa Dar es Salaam alitoka nje. Mimi niliendelea mpaka soda za wageni zilipoletwa na Bosi akakumbuka jambo jingine.

"Huyu angalau anajua kucheka," alimwambia mgeni wake wakiondoka, akimshika Mzee bega. "Na sauti anayo. Nitamrudisha hewani." Mtu kama yeye hutoa kama anavyonyang'anya, kwa vile tu mkono uko karibu. Jioni ile ile Mzee alisoma matangazo ya vifo.

Nilikaa pale mpaka mwisho wa mwezi. Nilipewa jina, bila shaka, na lilikuwa lile lile. Halikuhitaji hata kubadilishwa. Asubuhi nilipita koridoni. Mzee sasa alikuwa na kiti ofisini, na mlango ulikuwa wazi. Nilipita bila kusema shikamoo. Siku za mwanzo aliinua kichwa, akisubiri. Baadaye akaacha kuinua.

Nilipata kazi Mkonze, kwenye duka la kuchapa barua na kutoa nakala, la mama mmoja mjane aliyekuwa mkali kwa wateja na mpole kwetu. Nilikuwa na kompyuta tatu kuukuu na sikuwa na mtu wa kunicheka. Redio ile niliisikia kwa majirani, kwa sababu kila mtu aliisikiliza. Mzee alisoma vizuri kuliko zamani. Ile milio ya kwao ilikuwa imeondoka. Alipofika kwenye jina la kijiji alilipitisha laini, kama mtu wa Dar.

Ilikuwa mwaka uliofuata, kiangazi, upepo wa Dodoma ukirusha mifuko ya nailoni mpaka kwenye paa, alipokuja. Nilimwona tangu barabarani. Alitembea akishika kofia. Aliingia, akasimama mbele ya meza yangu, akasubiri. Mtu wa umri wake haanzi kumsalimia mtu wa umri wangu. Anasubiri kuamkiwa, na akishaamkiwa ndipo mazungumzo yanapata mlango. Kila mtoto wa nchi hii anajua. Mwenye duka aliniangalia, akaona aibu kwa niaba yangu.

Sikumwamkia.

"Habari za hapa," akasema mwenyewe mwishowe.

"Nzuri."

"Bosi amenituma. Kuna fundi mpya, kaweka mambo mapya kwenye ile mashine. Sasa inazimikazimika tena. Fundi anasema kanunueni laptopu nyingine. Mimi nikamwambia Bosi, kuna mtu anaijua." Akajaribu kutabasamu. "Feni haizunguki. Nimesikiliza mwenyewe, haizunguki."

Nilijua mara moja ni nini. Yule fundi alikuwa ameweka mfumo upya, na ile mistari yangu ilikuwa imefutika. Yalikuwa maneno mawili tu. Ningeweza kumwandikia kwenye kipande cha karatasi, na karatasi zilikuwa zimejaa mezani.

"Jana tulinyamaza mara nyingi," akaendelea. "Bosi kachukia. Jioni hii kuna watu wanasubiri matangazo ya misiba yao. Mwanangu, njoo. Au niambie tu cha kumwambia yule fundi."

"Bosi amekuchukia wewe?"

Alikuwa ameivua kofia, ameishika kwa mikono yote miwili, na niliona kwamba mtu wa siku alikuwa ameshachaguliwa.

"Mwambie Bosi," nikasema, "kwamba wewe unajua kupepea."

Alisimama pale. Nilirudi kwenye barua niliyokuwa nikichapa, barua ya mtu anayeomba kiwanja, na niliichapa bila kukosea herufi hata moja. Kulikuwa na utamu ndani yake, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeusubiri utamu ule bila kujua kwamba naungoja. Nilipoinua macho alikuwa amekwishatoka, yuko barabarani, upepo umemjaa kwenye shati.

"Yule ni nani?" mwenye duka akauliza.

"Nilifanya naye kazi."

"Hukumwamkia."

"Sikumwamkia."

Alinitazama, akaendelea kupanga karatasi zake. Hakuniuliza tena, ila siku nzima hakunitania kama alivyozoea.

Redio ilinyamaza na kurudi, ikanyamaza na kurudi, kwa siku kadhaa. Kisha ikatulia. Sikujua walinunua laptopu nyingine, au walimpata fundi mwenye kusoma, au ukindu ulinunuliwa tena sokoni. Sikuuliza. Jioni moja sauti ya Mzee ilikuwa hewani, nzito, taratibu, ikisoma majina ya waliofariki na mahali pa kuzikia, na mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akichambua mchele uani, akaniomba niongeze sauti, maana alikuwa na mgonjwa upande wa kwao na hakuwa amepata habari. Nikaongeza, tukasikiliza mpaka mwisho.